Kuzoea kikosi kwa gemu za vita ni nini, na mbona inauma hivyo

Wiki iliyopita nilikuwa kwa binamu yangu huku Nyalenda, Kisumu, stima ilikuwa imepotea kutoka saa moja, amekaa kwa kitanda na laptopu yake ya mtumba kwa mapaja, mwangaza wa nyumba nzima ni ile skrini tu, anacheza XCOM: Enemy Unknown, ile gemu ya 2012 ya kupigana na viumbe vimetoka angani. Mimi niko kwa simu yangu. Mara nikaskia kimya. Kuangalia hivi, ameweka laptopu kando, anaangalia ukuta. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Omera, Kipa ameenda."

Kipa ni askari wa gemu. Hiyo gemu inakuruhusu ubadilishe majina ya askari wako, kwa hivyo binamu yangu aliwapa wote majina ya watu wa mtaa wao, kuna Mama Chapo, kuna Fundi, kuna Soja wa Geti, na kuna huyo Kipa, jina la golikipa wa timu yao. Na venye amepanga hiyo gemu ni kwamba huwezi rudi nyuma, inajihifadhi yenyewe kila wakati, askari akikufa amekufa. Alikaa hivyo kama dakika tano hivi hajagusa kitu. Kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye namjua si mtu wa kulia lia, na macho yamelowa.

Sasa hiyo kitu ilimpata ndio nataka kueleza, juu watu wengi hawaielewi, na wenye imewapata wanaona aibu kuisema.

Mimi naiita kuzoea kikosi. Ukiuliza pleya yeyote pale kwa vibanda vya kuchezea PlayStation huko Kondele atakwambia tu "nilikuwa nishamzoea huyo msee", na hapo kwa neno kuzoea ndio maana yote iko. Kupenda mtu unaweza kupenda siku ya kwanza umemwona. Kuzoea huwezi. Kuzoea kunataka siku, kunataka muwe mmefanya kitu pamoja, na hakukuulizi ruhusa, unakuja kujua ulishazoea siku ile mtu hayuko. Kwa hivyo nikisema kuzoea kikosi namaanisha hivi: kule kushikamana kwa roho kunakoingia pole pole kati ya mchezaji na wale askari wa kikosi chake wenye hawana mtu wa kweli nyuma yao, mpaka mmoja akikufa unaumia kuumia kwa ukweli, hata kama unajua vizuri sana hakukuwa na mtu hapo.

Kitu ya karibu na hii wataalamu wameijua kitambo. Mwaka wa 1956 Donald Horton na R. Richard Wohl, wote wa Marekani, waliandika kuhusu watu wanavyojenga urafiki wa upande mmoja na watangazaji wa redio na televisheni, unamjua yeye, yeye hakujui, lakini moyoni ni kama jirani. Hii sisi hatuhitaji kufundishwa. Mtangazaji wa redio Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 2025 kuna wazee huku kwetu hawakuwahi kumwona hata kwa umbali na waliongea juu yake kama wamefiwa na shemeji. Sauti imekuwa kwa nyumba yako miaka na miaka, si ni mtu wa nyumba hiyo.

Lakini gemu ina kitu moja redio haina. Redio haikuombi kitu. Gemu inakuomba umtoe huyo mtu kwa moto, umpatie dawa, umngojee, uamue nani aende mbele na nani abaki nyuma, kwa hivyo akikufa si habari mbaya umeletewa, ni kitu mkono wako ulikuwa ndani. Binamu yangu hakusema "wamemuua Kipa". Alisema, "Nilimweka pale mwenyewe."

Na hapa ndio mimi natofautiana na watu wengi wenye wanafikiri hadithi ya kugusa moyo kwa gemu ya vita inaletwa na muziki wa huzuni na zile video za katikati zenye watu wanaongea polepole mvua ikinyesha. Hapana. Hizo zinasaidia, sikatai, lakini haziwezi kuzaa kitu haikuwa. Kinachozaa ni kazi. Chukua Ghost wa Call of Duty: Modern Warfare 2, ile ya 2009 (kama hujaicheza na unataka kuicheza, ruka hii aya). Ghost hatujawahi ona uso wake humo ndani, amevaa barakoa ya fuvu mwanzo hadi mwisho, hatujui anatoka wapi, haongei mambo ya kwao, na bado watu wamembeba moyoni miaka yote hii. Mbona? Kwa sababu ya ile safari ya mwisho. Wewe unaendesha askari anaitwa Roach, mnatoroka nyumba mbiombio mkishuka mlima, mabomu yanaanguka, unapigwa, huwezi simama. Ghost hakuachi. Anakushika anakuburuta kwa nyasi, anakupatia bunduki upige ukiwa umelala chali hapo hapo ukiburutwa, na wewe unapiga kwa nguvu zako zote juu unaona ni yeye na wewe tu. Mnafika kwa helikopta, mnadhani mmepona, na jenerali wenu mwenyewe anawapiga risasi wote wawili. Unaona Ghost akianguka ukiwa kwa macho ya Roach na hakuna kitufe cha kufanya kitu. Dakika chache tu zilizopita huyo mtu alikuwa amekubeba. Una deni lake, na hutawahi kulilipa.

Mimi nilicheza hiyo misheni nikiwa kidato cha pili, kwa kibanda cha mtu, nimelipia saa moja, na pesa ilikuwa bado inasoma lakini niliweka pad chini nikatoka nje. Kulikuwa na jua kali na matatu zinapiga kelele za Kibuye na nilikuwa nashangaa kila mtu anaendelea tu na maisha yake. Saa hii naona vijana wanatumia Ghost kwa Call of Duty: Mobile kama nguo tu, barakoa poa, na wengi hawajui alikufa vipi, natamanigi ningewakalisha chini niwaonyeshe.

Kuna na ile ya bastola. Kwa Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007, Kapteni Price akiwa amelala kwa daraja karibu kufa anamsukumia Soap, yule askari wewe unaendesha, bastola yake chini kwa lami, na hiyo bastola ndio inamaliza vita siku hiyo. Miaka minne baadaye, Modern Warfare 3 ya 2011, Soap anakufa mikononi mwa Price, na kabla Price aondoke anaweka ile bastola juu ya kifua chake. Hakuna mtu anakueleza hiyo bastola ni gani. Kama ulikuwepo unajua.

Kwa XCOM hakuna hata hiyo hadithi imeandikwa, na ndio maana naona inafundisha dhana hii vizuri kushinda zote. Unapewa askari hawajui kitu, wanakosa risasi mpaka unataka kulia, halafu mmoja anapona misheni ya kwanza, anapona ya pili, anapanda cheo, anapewa jina la utani, analazwa siku kadhaa akiumia na unamkosa kwa kikosi, anarudi. Kipa ndiye alikuwa anabeba dawa. Kuna siku Mama Chapo alikuwa chini anatokwa na damu, zimebaki zamu chache afe, Kipa akakimbia katikati ya uwanja hakuna hata mahali pa kujificha akamfikia akamfunga kidonda. Hiyo hakuna mtu aliandika ofisini Marekani. Ilitokea tu, kwa hiyo laptopu, na katika dunia nzima ni binamu yangu peke yake ndiye anaijua hiyo hadithi. Siku ya kufa Kipa alikuwa na asilimia 85 ya kumpiga lile jitu linaitwa Muton, akakosa, jitu likageuka. Halafu ukirudi kambini kuna ukuta wa kumbukumbu wenye majina ya wenye wamekufa.

Hii ya majina ni ya kitambo. Mwaka wa 1993 kulikuwa na gemu ndogo ya Amiga, kompyuta ya zamani, inaitwa Cannon Fodder, askari wenyewe wadogo kama sisimizi kwa skrini, lakini kila mmoja ana jina, na kati ya misheni unaonyeshwa kilima, vijana wapya wamepiga foleni wanangoja kuandikwa, na nyuma yao kwa hicho hicho kilima makaburi yanaongezeka kulingana na venye umecheza. Battlefield 1 ya 2016 nayo inaanza na mapigano yenye huwezi shinda, kila ukiuawa inaandika jina la huyo askari na mwaka amezaliwa na mwaka amekufa, halafu unarushwa kwa mwili wa mwingine. Umekuwa naye dakika moja na jina lake linakufuata.

Na mimi nikiangalia majina hivi nafikiriaga watu wa huku kwetu. Hiyo vita ya kwanza ya dunia ilifika hapa, Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na Juni 1915 jeshi la Waingereza lilipandia meli hapa hapa Kisumu likavuka ziwa kwenda kushambulia Bukoba. Nyanza ilitoa wapagazi wengi sana wa Carrier Corps, kikosi cha kubebea jeshi la Waingereza mizigo, ndio hao Kariakor ya Nairobi imeitwa kwa ajili yao, na wengi wao waliuawa na njaa na magonjwa kushinda risasi. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali kwa ripoti yake kwamba watu angalau 116,000, na huenda mpaka 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa jina au pengine hawakukumbukwa kabisa. Mtu hawezi kuzoewa bila jina. Kuna gemu nzuri ya hiyo vita, Valiant Hearts ya 2014, imetengenezwa kutokana na barua za askari wenyewe, ina mkulima Mfaransa, ina mkwe wake Mjerumani, ina muuguzi, ina mpaka mbwa mwenye kila mtu anampenda, na nimeilia. Siku mtu atatengeneza moja yenye unatembea na mpagazi kutoka Maseno mpaka Tanganyika, amebeba mzigo kwa kichwa, na ana jina, hiyo nitailia vibaya zaidi.

Kuna mahali hii kitu inakataa pia. Call of Duty: Advanced Warfare ya 2014 rafiki yako Will Irons anakufa misheni ya kwanza kabisa, halafu unapelekwa mazishini, unasimama mbele ya jeneza na skrini inakuambia ubonyeze kitufe kutoa heshima zako, kwa kompyuta ni F. Ndio hiyo F watu wanaandika kwa makundi mpaka leo mtu akivunja simu. Nia ilikuwa njema, sidhani walikuwa wanacheza na kifo, lakini walileta matanga kabla ya mazoea. Mmekuwa naye misheni moja. Kitufe hakiwezi kufanya kazi ya wiki tatu za Kipa.

Watu huchanganya hii na ile ya kucheza mtandaoni mkiwa wanne, kila mtu kwa simu yake, huyu Nakuru, huyu Kakamega, mnaitana. Hiyo ni urafiki wa kawaida, huyo mwingine naye anakujua, akinyamaza unampigia. Kuzoea kikosi ni pale upande ule mwingine hakuna mtu wa kupigiwa, na mzigo wote wa kukumbuka umebaki kwako.

Ndio maana nikaona si vizuri kumwambia binamu yangu "lakini si ni gemu tu". Nilimuuliza Kipa alikuwa mtu wa aina gani. Akaniambia ile ya Mama Chapo, yote, na mikono ikionyesha nani alikuwa amesimama wapi. Betri ikaanza kulia. Akavuta laptopu akaingia kambini, akafungua askari mpya mwenye amepewa kujaza hiyo nafasi, akaenda mahali pa jina, akaandika herufi mbili tatu, akazifuta, akaacha lile la gemu.