Luta-shuta: gemu ya risasi, ngawira na kikosi

Luta-shuta ni gemu ya kufyatua risasi, kwa kawaida ya kisayansi ya kubuni na ya ushirikiano mtandaoni, ambamo adui akianguka huacha kitu, na kitu hicho ndicho kilichokupeleka pale. Huenda ni bunduki, kipande cha deraya, madini, au mchoro wa kuundia silaha mpya. Unaokota, unalinganisha na ulichonacho, kilicho bora unakivaa, kisha unamfuata adui mgumu zaidi ambaye naye huacha ngawira nono zaidi. Mzunguko huo ndio gemu yenyewe. Hadithi, sayari na viumbe vya ajabu vimejengwa kuuzunguka. Ikisemwa kuwa ni ya ushirikiano, maana yake mnapigana upande mmoja, kwa kawaida watu wawili hadi wanne kupitia intaneti, dhidi ya maadui wanaoongozwa na kompyuta. Destiny, gemu ya kampuni ya Bungie, ina viwanja vya wachezaji kupambana wao kwa wao, lakini huo ni ukumbi wa pembeni.

Shina la mtindo huu halikuwa na bunduki hata moja. Ni gemu za mapanga na majini kama Diablo II ya mwaka 2000, ambamo upanga uleule ungeweza kudondoka mara mia, kila mara ukiwa na sifa tofauti, kwa sababu kompyuta ilizichagua kwa kubahatisha. Mwaka 2007 baadhi ya watu waliowahi kutengeneza Diablo walijaribu kuuhamishia mfumo huo kwenye bunduki kupitia Hellgate: London, na haikuwaendea vizuri. Borderlands ya kampuni ya Gearbox, iliyotoka mwaka 2009, ndiyo iliyoonyesha kuwa inawezekana. Bunduki zake huundwa na kompyuta kwa kuunganisha mtutu, kitako, darubini na magazini kutoka kwenye ghala la vipande, ndiyo maana ikaingia kwenye rekodi za Guinness kwa kuwa na bunduki zaidi ya milioni 17. Nyingi kati ya hizo ni takataka, na lazima ziwe takataka: bila takataka mia, ile moja nzuri haina ladha. Warframe ikafuata mwaka 2013, Destiny mwaka 2014.

Kwa nini karibu zote ni za kisayansi ya kubuni? Nadhani sababu ni ya kikazi kuliko ya kisanaa. Mtengenezaji anahitaji maelfu ya silaha zinazotofautiana, na bunduki ya vita vya kweli haimpi nafasi hiyo. Huwezi kuifanya irushe radi, igandishe adui kwa baridi, au itupwe mkononi na kulipuka kila inapoishiwa risasi. Katika karne ya mbali kila kitu kinakubalika. Sayari nazo zinarahisisha kupanga ugumu. Katika Warframe unaanzia Duniani ukiwa dhaifu, na kufika Sedna, sayari ya mbali, maana yake umekomaa.

Ngawira hupangwa kwa rangi. Ule mpangilio wa nyeupe, kijani, buluu, zambarau na rangi ya chungwa au dhahabu umeenea kiasi kwamba mchezaji mzoefu akiona mwali wa zambarau kwenye kona ya kioo, mguu unageuka kabla akili haijaamua. Nyuma ya rangi kuna jedwali. Kila adui ana orodha ya vitu anavyoweza kuacha, na kila kitu kina asilimia yake. Tuseme kitu unachokitaka kina asilimia 2. Wengi hudhani wakimuua bosi (adui mkuu) anayekiacha mara 50 watakipata, kwa sababu 50 mara 2 ni 100. Sivyo. Kila jaribio ni jipya na halikumbuki yaliyopita. Baada ya majaribio 50 bado kuna uwezekano wa takriban asilimia 36 kwamba umeambulia patupu, yaani zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu. Ndiyo maana vikosi vimejaa watu wanaoapa kwamba gemu inawachukia wao binafsi. Watengenezaji wengine huweka kinga: ukikosa mara kadhaa, uwezekano unapandishwa kimyakimya, au unapewa sarafu za kununulia kitu hicho hatimaye.

Hapa ndipo ushirikiano unapoingia, na wengi huuelewa nusu. Wanadhani kikosi kinasaidia kuua haraka tu. Ukweli ni kwamba katika gemu iliyotengenezwa vizuri, kikosi hubadilisha hesabu ya bahati yenyewe.

Mfano bora ninaoujua ni wa Warframe, gemu ya kampuni ya Digital Extremes ya Kanada. Vipande vya silaha na deraya za daraja la juu liitwalo Prime vimo ndani ya vibweta vya kale. Kila kibweta kina zawadi sita zinazowezekana: tatu za kawaida, mbili za wastani na moja adimu. Kibweta ambacho hakijaboreshwa kina asilimia 2 tu ya kutoa ile adimu. Ukitumia mabaki 100 ya Void (ulimwengu wa ajabu ndani ya gemu hiyo) kukiboresha, inapanda hadi asilimia 10. Ukienda peke yako unafungua kimoja na kuchukua kilichotoka. Mkienda wanne, vinafunguliwa vinne kwa pamoja, na kila mchezaji anachagua zawadi yoyote kati ya hizo nne. Wote wanne wanaweza kuchagua ileile, na hakuna anayempunguzia mwenzake. Kama wote wamebeba kibweta kilekile kilichoboreshwa, uwezekano wa adimu kutokea angalau mara moja unafika takriban asilimia 34. Hakuna aliyekuwa hodari kuliko jana. Mmekubaliana tu cha kubeba. Kuna sharti moja: kila mtu aokote chembe 10 zinazodondoshwa na maadui waliochafuliwa na Void, la sivyo kibweta chake hakifunguki. Asiyeziokota hajiumizi peke yake, amewapunguzia wote. Ndiyo maana mtu mwenye chembe 9 hupigiwa kelele na watu asiowajua.

Swali linalofuata ni nani anaokota kilichoanguka. Borderlands ya kwanza na ya pili ziliacha ngawira chini kwa yeyote mwenye mbio, na urafiki mwingi ulijaribiwa pale mbele ya sanduku lililofunguliwa. Borderlands 3 ya mwaka 2019 iliwapa wachezaji uchaguzi: mgao wa kila mtu wa kwake, au kugombania kama zamani. Warframe na Destiny ziko upande wa kwanza; unachokiona kimeanguka ni chako, na mwenzako anaona chake. Binafsi naona huu ndio uamuzi uliookoa mtindo huu. Mtu usiyemjua anapoingia kwenye misheni yako, unataka afurahie kukuona, na hawezi kufurahi kama wewe ni mkono mwingine kwenye sahani moja.

Kazi ndani ya kikosi hugawanywa, na mgawanyo huo nao unafuata ngawira. Warframe ina mhusika anayeitwa Nekros, ambaye uwezo wake mmoja ni kuzilazimisha maiti zidondoshe vitu kwa mara ya pili. Watu humwalika kwa ajili ya hilo tu. Wenzake wanaua, yeye anapekua. Destiny inagawanya kazi kwa ukali zaidi katika mashambulizi makubwa ya watu sita. La kwanza, Vault of Glass, lilifunguliwa Septemba 2014, na gemu haikukutafutia wenzako. Ilikubidi uwakusanye mwenyewe. Ndani yake kuna wakati ambapo mchezaji mmoja hubeba ngao ya kale badala ya bunduki, na wengine wanamtegemea awasafishe laana. Asipoelewa anachofanya, ustadi wa kulenga wa wale watano hausaidii kitu.

Mwezi huohuo wachezaji wa Destiny waligundua pango dogo katika eneo la Old Russia ambamo maadui walitokea upya karibu bila kikomo. Wageni wasiojuana walijipanga kwa mbali na kufyatua risasi ndani ya shimo hilo kwa saa nyingi. Ilibidi wote wakae nyuma, kwa sababu mtu akisogea karibu maadui huacha kutokea. Kisha wote wanakimbilia kuokota, wanarudi kwenye mstari, wanaanza tena. Bungie walilifunga pango hilo ndani ya mwezi huo. Hakuna hadithi iliyokuwa pale, wala bosi, wala zawadi ya ushindi, lakini kila sehemu ya maana ya luta-shuta ilikuwepo, pamoja na nidhamu ya kikosi ambayo hakuna aliyeitangaza.

Ngawira isichanganywe na masanduku ya bahati yanayouzwa kwa pesa halisi, ingawa bahati nasibu ndani yake ni ileile. Kwenye ngawira unalipa kwa muda na jasho la vidole. Kwenye sanduku unalipa kwa kadi ya benki bila kujua utapata nini. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba masanduku hayo ni kamari. Digital Extremes waliwahi kuuza kitufe cha kubahatisha rangi ya manyoya ya mnyama wa kufugwa ndani ya Warframe. Mchezaji mmoja akakibonyeza takriban mara 200, nao wakakiondoa. Warframe ni ya bure na inaendeshwa na mauzo ya Platinum, sarafu ya ndani ya gemu, lakini sarafu hiyo wachezaji huuziana vitu kwayo, kwa hiyo kipande ulichokipata kwenye kibweta kinaweza kukununulia kile ulichokikosa.

Kuhusu neno "mtandaoni", lichukulie kwa uzito. Katika gemu nyingi za aina hii mali yako iko kwenye seva ya kampuni, haiko kwenye mashine yako. Novemba 2020 Destiny 2 iliondoa sayari na miezi kadhaa, Mirihi ikiwemo, pamoja na misheni zilizokuwa huko, zikiwemo ambazo watu walikuwa wamezilipia. Anthem ya kampuni ya BioWare, iliyotoka Februari 2019, ilizimiwa seva Januari 2026, na haichezeki bila seva.

Mipaka ya dhana hii huchanganya watu, hasa kwenye gemu za karibuni. Helldivers 2 ya mwaka 2024 ina wachezaji wanne, anga za juu, na risasi nyingi kuliko akili, lakini bunduki zake unazifungua kwa medali na kila mtu anapata ileile; hakuna bahati kwenye sifa zake, hivyo haimo. Escape from Tarkov ina ngawira kwa wingi, ila ukifa kabla ya kutoka unapoteza karibu vyote ulivyobeba, na wachezaji wengine ndio wawindaji wako. Huo ni mtindo mwingine wenye jina lake. Borderlands imo hata ukiicheza peke yako nje ya mtandao.