Je, wajua kwa nini ukungu huanza na jalada la kitabu?

Masika yakiisha, fungua kabati la vitabu katika nyumba ya zamani ya Tanga, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja. Mara nyingi utakuta kurasa za ndani bado safi, ila jalada la kitambaa limefanya ukungu wa kijani, na uti wa kitabu, pale kurasa zinaposhikana, umeathirika zaidi. Harufu ya uvundo hukupokea kabla hujaona kitu.

Ukungu ni kuvu, na kuvu hutafuta chakula. Karatasi huliwa, lakini selulosi yake ni ngumu: kuvu hulazimika kwanza kutoa vimeng'enya vya kuivunja iwe sukari. Kwenye jalada kuna karamu. Kitambaa cha majalada mengi ya zamani kilitiwa wanga ili kikakamae, na gundi ya uti ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, au kwa unga wa ngano. Vyote hivi huliwa upesi. Hata vumbi na jasho la vidole vya msomaji ni kitoweo.

Vijimbegu vya kuvu vimo hewani kila mahali, hata hapo ulipoketi, na huwezi kuvimaliza. Kinachoviamsha ni unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na kukaa hapo siku kadhaa, karatasi hufyonza maji ya kutosha kuviotesha. Pwani yetu hupita kiwango hicho mara kwa mara. Tena kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini, kwa hiyo rafu iliyoegemea ukuta huo ipo hatarini. Ivute mbele kidogo, upana wa kiganja, hewa ipite nyuma yake.

Sasa, kinachoniuma ni haraka yetu ya kuchukua kitambaa chenye maji. Ukungu mbichi ni laini. Ukiusugua unaupaka ndani ya nyuzi za karatasi, na maji umeuongezea. Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe ni mbaya zaidi, kwani hula karatasi yenyewe. Kausha kwanza. Simamisha kitabu kivulini, kurasa zimeachana, na feni izungushe hewa ya chumba bila kukielekea, isije ikatawanya vijimbegu. Ukungu ukishakuwa unga mkavu, toka nje, vaa barakoa na glavu, upepo uwe mgongoni, kisha fagia kwa brashi laini. Mwenye pumu amwachie mwingine kazi hii.

Na jua? Linaua kuvu kweli, lakini linapausha jalada na kugeuza karatasi nafuu kuwa njano. Kitabu ninachokithamini sikianiki.

Kilicholowa chapachapa ni habari nyingine, maana ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 48 tu. Mto Arno ulipofurika Florence, Italia, tarehe 4 Novemba 1966, vitabu vya maktaba kuu vilizama kwenye matope, na waokoaji wakafika hadi kuvikausha katika matanuri ya kukaushia tumbaku. Siku hizi wahifadhi hutumia friza, nawe unaweza: funga kila kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, vigandishe, kisha uvikaushe kimoja kimoja upatapo nafasi. Baridi haiui ukungu, inausimamisha. Vyenye kurasa za kung'aa vipe kipaumbele, kwa sababu zikikaukia pamoja hugandana na haziachani tena.

Madoa ya kahawia au zambarau yatabaki, kwa kuwa ni rangi ambayo kuvu imeiacha ndani ya nyuzi. Yaache, maandishi bado yanasomeka. Ila kabla ya kukirudisha kitabu kwa wenzake, kitenge wiki mbili hivi, ukifungue kila siku chache na kukinusa. Uvundo ukirudi, hakijakauka.