Kindi yuko darini? Anza kukagua stoo

Tangu Serikali ihamie Dodoma, nyumba zimeingia kwenye vichaka vya Iyumbu na Mtumba, na vichaka hivyo vilikuwa na wenyewe: kindi, nguchiro, nungunungu, kifutu, na pimbi kwenye majabali. Ikifika Septemba majani yamekauka, mvua bado mpaka Desemba, na sisi maofisa wanyamapori tunaanza kuitwa majumbani.

Mama mmoja alitaka tumwekee sumu kindi aliyekuwa akikimbizana darini mchana kutwa. Nikaomba kwanza anionyeshe stoo. Kona moja kulikuwa na gunia la karanga za mbegu, ubavuni lina tundu la kupitisha ngumi, maganda yametapakaa mpaka dirishani. Dirisha halina wavu. Nje, tawi la mwarobaini limelalia bati. Tukakata tawi, karanga zikahamia kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, kisha tukaziba matundu ya dari kwa wavu wa chuma. Kabla ya kuziba tulipanda kuhakikisha hakuna watoto, maana mama akifungiwa nje, wanawe wanafia ndani.

Sumu niliikataa kwa sababu haichagui. Panya aliyeila akiliwa na paka au bundi, naye huweza kufa. Najua wengi wetu tunamwona bundi ni ndege wa uchuro, lakini panya ndio riziki yake kubwa, na ukimuua umewaachia panya stoo yako.

Kagua pia nyaya. Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua, kwa hiyo ni lazima atafune. Ukiona waya umechunwa, zima umeme na mwite fundi.

Watoto wakiokota kichanga cha kindi, hana manyoya, macho hayajafumbuka, wasimnyweshe maziwa ya ng'ombe, yatamharisha. Mweke kwenye boksi lenye kitambaa chini ya mti ule ule, fungieni paka na mbwa, kisha mkae mbali. Kindi hutembea mchana, na mara nyingi mama hurudi kumbeba mwanawe kwa mdomo. Kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kuhusu kung'atwa. Kindi ni nadra sana kuwa na kichaa cha mbwa, ila nguchiro, mbweha na fisi wanaweza kuwa nacho, na mbwa ndio hatari kubwa zaidi. Mnyama wa porini anayekufuata bila woga, au anayepepesuka, mwepuke. Akishakung'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko tu, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kuhusu chanjo. Usisubiri kuona kama utaumwa. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Nyoka naye hufuata panya. Kifutu hakimbii, hutulia kwenye majani makavu mpaka akanyagwe, kwa hiyo usiku toka na tochi na viatu. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba. Mvue pete na bangili, mguu au mkono ulioumwa usitikisike, mkimbizeni hospitali. Nyoka mwacheni alipo, mwiteni ofisa wanyamapori wa halmashauri, na mmoja wenu abaki kwa mbali akimwangalia anakoelekea.