Ushiriki wa wanawake katika nguvukazi: kinahesabiwa nini hasa?

Chukua wanawake wote wa nchi wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Hesabu walio kazini, kisha ongeza wasio na kazi ambao wanaitafuta na wako tayari kuianza. Idadi hiyo, kwa kila wanawake 100, ndiyo kiwango cha ushiriki katika nguvukazi. Anayeshinda nyumbani akiteka maji, akipika na kulea hayumo, hata kama jioni amechoka kuliko aliyetoka kiwandani.

Duniani kwa jumla kiwango hicho hakifiki asilimia 50, ilhali cha wanaume kinapita 70. Tanzania iko karibu na 80. Jordan iko karibu na 15, ingawa wasichana wake wengi wanafika chuo kikuu. Usidhani basi kwamba Mtanzania ana kipato kikubwa kuliko Mjordani. Wengi wa hao 80 wanalima shamba la familia au wana biashara ndogo, na mshahara hawajawahi kuuona. Wanafanya kazi kwa sababu bila hiyo watoto hawali.

Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), wakakubaliana kwamba kulima chakula cha nyumbani ni kazi lakini si ajira. Ajira ni ile ya malipo au faida. Rwanda ilipofuata kipimo hicho, kiwango cha wanawake kilishuka sana, wala hakuna aliyeweka jembe chini.

Tofauti nyingine ni za kweli kabisa, na sheria imechangia. Ireland, hadi 1973, mwanamke mtumishi wa umma aliacha kazi akishaolewa. Ufaransa, hadi 1965, mume aliweza kumzuia mkewe kuajiriwa. Mchumi Claudia Goldin, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 2023, ameonyesha kwamba Marekani ushiriki wa wanawake walioolewa ulipungua kazi ilipohama shambani kwenda kiwandani, ukapanda tena kazi za ofisini zilipoongezeka.

Uholanzi nayo ina kiwango cha juu, lakini zaidi ya nusu ya wanawake walioajiriwa hawafanyi saa kamili za wiki, wengi kwa sababu ya malezi. Kipimo hakilioni hilo: saa moja ya kazi ya malipo katika wiki inatosha mtu kuhesabiwa ameajiriwa, sawasawa na aliyefanya saa 60.