Baraza la wanafunzi Japani haliendeshi shule

Mtazamaji wa anime, yaani katuni za Kijapani, hulizoea jambo hili mapema: rais wa baraza la wanafunzi, seitokai, ndiye mfalme. Ana ofisi yenye sofa, anafuta klabu kwa saini moja, na walimu hawaonekani. Wengi tumeliamini hilo miaka nenda miaka rudi. Sivyo.

Mabaraza hayo yalienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, enzi za Marekani kuikalia Japani, kama sehemu ya kuwafundisha vijana demokrasia. Hadi leo yamo kwenye mtaala wa taifa, chini ya uangalizi wa walimu. Kazi zake ni za kawaida mno: kuandaa tamasha la shule, kukusanya maoni, pengine kujadili mgawo wa fedha za klabu, au kusimama langoni asubuhi kuwaamkia wenzao. Neno la mwisho ni la mkuu wa shule.

Ngazi halisi ya mkubwa na mdogo utaikuta kwenye klabu za shule. Huko, senpai, yaani mkubwa wako, hata aliyekutangulia mwaka mmoja tu husemeshwa kwa lugha ya heshima, na kuokota mipira mara nyingi huachiwa wa mwaka wa kwanza.

Kuhusu presha ya masomo, hapo hadithi hazidanganyi sana. Elimu ya lazima ni miaka 9. Kuingia sekondari ya juu kwa kawaida kuna mtihani, mtoto akiwa na miaka 15 hivi. Wengi jioni huelekea juku, yaani tuisheni ya kulipia. Ila kijana aliyeinamia hesabu saa tatu usiku hana upanga wala sofa, kwa hiyo kamera humpita haraka.