Umri wa difu hausomwi kwenye kadi ya gari

"Difu hii nimeichinja, yaani nimeing'oa, kwenye Land Cruiser ya 2008, bosi." Pita kwenye mabanda ya spea pale Mwanga, Kigoma, utaisikia kauli hiyo kabla hujasalimia. Na mara nyingi muuzaji hadanganyi. Gari kweli ni la 2008. Difu sasa, lile bonge la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu, hiyo ni habari nyingine.

Dhana inayowaliza wengi ndiyo hiyo: kwamba kifaa kina umri wa gari kilimotoka. Sisi watu wa ziwani tulipaswa kuwa wa mwisho kuiamini. Meli ya MV Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa makasha, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924. Injini zake za mvuke ziling'olewa miaka ya 1970, zikafungwa za dizeli. Ukiuliza Liemba ina miaka mingapi, lazima useme unauliza bodi au injini. Pikapu iliyosaga barabara za Kibondo na Kasulu miaka kumi na tano ni hivyohivyo, ila yenyewe haina mwandishi wa historia.

Basi soma chuma chenyewe. Chukua brashi ya waya na mafuta ya taa, sugua gamba la gia boksi au la transfa, ile boksi inayogawa nguvu kwa difu ya mbele na ya nyuma. Kwenye magamba mengi ya aluminiamu utakuta duara dogo kama uso wa saa: tarakimu za mwaka katikati, miezi imezunguka, mshale umeelekea mwezi mmojawapo. Wengine hutumia vidoti badala ya mshale. Hiyo ni tarehe gamba lilipomiminwa kiwandani. Haikuambii limefanya kazi kilomita ngapi, lakini mtu akikwambia "la juzi tu hili" na saa inasema 1994, mmeshaelewana.

Hapohapo kuna mtego wa pili. Namba zilizotuna kwenye gamba, zile unazozigusa kwa kidole gumba, watu huzichukua kuwa ndiyo namba ya spea. Wanaitafuta kwenye simu, wanakosa, wanasema ni feki. Ile ni namba ya kumiminia. Gamba bichi moja linaweza kuchongwa likawa spea mbili tofauti. Namba ya spea ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu kumi, tano kwa tano, na zile tano za mwanzo zinataja aina ya kitu: 41201 ni kraunwili na pinioni (gia kubwa na ndogo ndani ya difu), 42311 ni hafu shafti ya nyuma (chuma kinachotoka kwenye difu hadi gurudumu), 90311 ni sili ya kuzuia mafuta. Utaikuta kwenye boksi na kwenye kitabu cha spea. Si lazima iwe kwenye chuma.

"Beringi imeandikwa Japan, kwa hiyo difu ni ya Japani." Beringi imejisemea yenyewe tu. Ni kitu cha kubadilishwa, na fundi yeyote wa Ujiji anaweza kuwa ameifunga mwaka jana. Na "spea ya Dubai" ndiyo inanichekesha zaidi. Dubai ni soko. Difu imepita pale tu kama mimi ninavyopita stendi. Asili itafute kwenye namba ya chasisi ya gari lililochinjwa, kama bado ipo: ikianza na JT gari limeundwa Japani, MR0 ni Thailand, AHT ni Afrika Kusini. Hata Land Cruiser za 70, tangu 2015 zipo zinazounganishwa Ovar, Ureno. Ila usidanganyike kwamba herufi ya kumi ya chasisi inataja mwaka. Huo ni utaratibu wa Marekani. Kwenye Land Cruiser zetu mara nyingi utakuta sifuri pale, na sifuri si mwaka wowote.

Rangi mpya nyeusi? Rangi ni rangi. Kutu nayo ni hewa ya ziwa.

Sasa dhana iliyonila hela: "Zinafanana, itaingia." Nilinunua difu ya nyuma kwa muuzaji ambaye simtaji. Boliti zikakubali, flenji ikakaa kama imezaliwa nayo. Kwenye lami nilitembea miezi bila tatizo, maana foo wili, yaani magurudumu yote manne kuvuta, nilikuwa sijaiweka. Masika nikaelekea Uvinza, nikaweka, tope likanipisha vizuri tu, kwa sababu kwenye tope magurudumu yanateleza na kusamehe. Nilipopanda ardhi ngumu, usukani ukawa mzito, gari likajikaza, na rungu la transfa likagoma kutoka. Nikarudi nyuma taratibu hadi likaachia kwa kishindo.

Fundi alifungua, akahesabu: kraunwili meno 43, pinioni 10. Ya mbele 41 kwa 10. Yaani ili gurudumu lizunguke mara moja, pinioni huzunguka mara 4.30 nyuma na 4.10 mbele. Kila nyuma ikienda mita 100, mbele inataka kwenda karibu 105, na zote zimefungwa kwenye transfa moja. Kitu lazima kikatike. Tangu siku hiyo natembea na chaki: naweka alama kwenye jino la kwanza, nahesabu kwa sauti hadi nirudi pale. Wauzaji wananicheka, sawa.

Wenye Land Rover wao wahesabu na meno ya mwisho wa hafu shafti. Defender za mwanzo zina 10, na miaka ya 1990 zikahamia 24. Ya 10 haiingii kwenye difu ya 24, hata ukiapa. Na difu ya 4.7 ya Series, zile Land Rover za kabla ya Defender, isikae na ya 3.54 ya Defender kwenye gari moja.

Ukishahesabu, tafuta namba ndogo iliyochorwa kwenye kraunwili, halafu ilinganishe na ya kwenye kichwa cha pinioni. Hizo mbili husagwa pamoja kiwandani kama jozi, kwa hiyo viwanda vingi huzipa namba moja. Ukikuta moja inasema 218 na mwenzake 164, usianze kubishana bei ya difu. Uliza bei ya chuma chakavu.