Bonde la mto si bondeni

Juzi, kwenye kikao cha skimu ya umwagiliaji, mzee mmoja wa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, alisimama akasema: "Mambo ya bonde waulizwe watu wa bondeni. Sisi ni wa mlimani." Akapigiwa makofi. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno.

Bonde la mto ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake huelekea mto mmoja na vijito vyake. Kulisimamia kwa pamoja ni kupanga mashamba, umeme, samaki na maji ya kunywa kwa hesabu moja. Basi, ni hilo tu.

Kosa si la mzee, ni la neno. Katika Kiswahili cha kila siku bonde ni pale chini, kati ya miinuko. Wabondei wa Muheza wamepata jina lao humo humo: watu wa bondeni, kwa kuwatofautisha na Washambaa walio juu milimani. Kisha wakaja wataalamu na dhana yao. Neno la Kiingereza walilotaka kulitafsiri, basin, ndilo lile lile tulilokwisha kulikopa jikoni tukaliita beseni! Beseni lina kitako na lina ukingo. Wao wakachagua bonde, yaani kitako peke yake, na ukingo ukasahaulika. Ndiyo maana mgeni hushangaa kuambiwa Singida, mji ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, umo katika Bonde la Kati, moja ya mabonde 9 ya maji ya Tanzania. Kwenye "kidakio", neno lao la eneo linalopokea mvua ya mto, walipatia: linatokana na kudaka, na mvua hudakwa popote, hata juu ya paa.

Sasa fuata maji ya mzee. Anayoyaacha kwenye banio la mfongo wake, mfereji wa asili wa Wachagga, huingia mto Kikafu, kisha Kikuletwa, yakatulia bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale, yakafika baharini Pangani. Mto ukidhoofika, maji ya chumvi hupanda kutoka baharini, na mkulima wa kule chini huyaonja kabla hajaambiwa chochote. Na skimu iliyopangwa kwa kutazama mashamba yake tu, bila kuuliza nani anachota juu na nani anasubiri chini, itamaliza miaka ikigombania zamu.

Baada ya kikao nilimfuata. "Mzee wangu, ninyi mko ndani ya Bonde la Pangani. Ninyi ndio ukingo wa beseni."

Akanitazama kidogo. "Kwa hiyo na mimi natakiwa kibali cha maji?"

"Jumuiya yenu ya mfongo, mzee. Ndiyo."